Kitabu cha Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Juni

Sindano nimechemsha. Bandeji nimekunja kikapu kizima. Vidonda kumi na kimoja kabla ya saa nne, vyote vya mikono na miguu, maana watu wa shamba wanachomwa na miiba ya mkonge kila siku ya Mungu. Halafu Bwana Sulemani, mganga msaidizi mkuu wetu, akasimama katikati ya wodi kuuliza nani amevunja kipimajoto. Nikamwambia kakivunja yeye mwenyewe Jumamosi. Nilimwona.

Saa nne na nusu nikapelekwa chumba cha nyuma.

Chumba hicho sijawahi kukiandika humu. Kiko nyuma ya jiko. Dirisha moja lenye nondo, komeo kwa nje. Wenye wazimu wanawekwa humo mpaka karatasi zao zikamilike wapelekwe hospitali ya wendawazimu Dodoma. Hakina nesi wake. Bwana Sulemani ndiye anayepanga zamu, na ukichelewa, ukijibu wakubwa, ukivunja kitu, unaandikwa chumba cha nyuma siku nzima. Nimekuta hivyo. Shuleni tulichapwa fimbo, hapa tunapewa kichaa.

Yumo mwanamke anaitwa Akwilina. Mumewe ni manamba, kaja kwa mkataba kutoka Songea kukata mkonge. Mwanamke kajifungua mtoto wa kike kambini. Siku ya kumi akaacha kulala. Siku ya kumi na mbili akakimbilia ndani ya mkonge akisema mtoto kabadilishwa. Wakamfunga kamba ya mkonge hiyohiyo, wakamleta kwa lori Alhamisi iliyopita. Vifundo vya mikono vimechubuka vibaya. Vidonda vyake tunavisafisha mara mbili kwa siku, hapo hatuna mchezo.

Nikakaa nje mlangoni na kufuma. Naye ndani anauliza. Neno moja tangu asubuhi: mtoto ameshanyonya? Anatulia kidogo, anauliza tena. Mpaka nikaziba masikio.

Saa kumi na mbili kitabu kinataka mstari mmoja. Nikaandika: Hali ileile.

Mtu aliyefaulu mtihani wa kwenda kusomea ukunga, nakalishwa mlangoni kwa mwehu. Sulemani simsamehe.

Jumanne, 5 Juni

Barua ya Baba kutoka Mamboya. Kaandika kurasa tatu. Kanisa zima limeambiwa. Yeye katekista, habari ya kusimama nayo mbele ya watu haimpiti. Binti yake Perisi anakwenda Dar es Salaam mwezi wa nane kuwa mkunga. Mama kalia. Wamechinja jogoo bila mimi.

Nimefurahi. Nimeisoma mara nne.

Mchana Bwana Sulemani kaniagiza kupiga mistari kwenye kitabu cha chumba cha nyuma, kurasa zimekwisha. Nikafungua ukurasa wa Akwilina. Alhamisi: Hali ileile. Ijumaa: Hali ileile. Jumamosi, Jumapili, hivyohivyo. Jumatatu, mimi. Mistari mitano, miandiko mitano. Wangu ndio uliopangika kuliko yote.

Ileile na ya lini? Yule wa Alhamisi alikuwa wa kwanza. Kafananisha na nini?

Hakuna aliyekaa naye siku mbili. Kila siku mwenye adhabu mpya. Na kila mmoja kamaliza adhabu yake, kasaini, kaenda kula. Tukimpima joto mtu wa kichomi mara nne kwa siku tunagombana kama kaandikiwa pointi moja zaidi. Huyu hata saa alizolala haziko.

Nimepiga mistari. Aibu imenishika mpaka shingoni.

Jumatano, 6 Juni

Yunia kachelewa zamu, kaandikwa chumba cha nyuma. Yunia ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Nikamwambia nampokea. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Wenzake wakacheka hadi wakashika ukuta. Eti Perisi kazoea, Perisi kapata ndugu. Nimewaacha.

Leo sikukaa nje. Niliingia na kigoda.

Akauliza: mtoto ameshanyonya? Nikajisikia mjinga. Siku saba anauliza, na nilikuwa namsikia kama mtu anavyosikia pampu ya maji. Nikamjibu: "Sijui, mama. Nitauliza."

 Akanigeuzia uso. Mara ya kwanza kunitazama.

Hakuuliza tena asubuhi ile. Alikuwa anangoja.

Saa saba nikatoka nyuma kwenye ua wa miti. Pale kasimama mwanamume wa kambini, shuka begani, mikono imejaa makovu ya mkonge. Ni mume, Gaudensi. Kumbe anakuja kila siku akimaliza kukata fungu lake. Kila siku mtu wetu anamfukuza, anaambiwa wagonjwa wa chumba hiki hawatazamwi. Anakaa uani mpaka saa tisa, anarudi. Kaniamkia mimi kwa heshima zote, mimi mdogo kwake. Nikaona haya.

Mtoto yuko kwa jirani yao Bi Tausi, ambaye ana mtoto wake wa miezi mitano. Ananyonyesha wote wawili. Jana kakohoa, leo hajambo. Anaitwa Lusia.

Nikarudi nikampa Akwilina yote. Kanyonya asubuhi, kanyonya mchana, kwa Bi Tausi, titi la kushoto ndilo analolipenda. Hilo la titi kaniambia Gaudensi, na sijui alilijuaje. Akwilina akalia kilio cha mtu wa kawaida. Kisha akalala kutoka saa nane hadi saa kumi na moja.

Nikampangusa. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, limekauka, limelowa tena. Matiti magumu kama mawe, ya moto. Siku saba! Katika hospitali! Vifundo vya mikono tumeviona, matiti hatukuyaona, maana vidonda ni ugonjwa na yeye ni kichaa. Nimeyakanda kwa kitambaa cha maji moto, nikamkamua, maziwa yakamwagika ndani ya bakuli. Machozi yamenitoka kwa hasira.

Nimeandika kitabuni mistari kumi na mmoja.

Alhamisi, 7 Juni

Mistari yangu imekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake mwandiko wa Bwana Sulemani: Hali ileile. Akaniita. Eti kitabu si gazeti. Eti kichaa si wa dawa, kichaa ni wa polisi, sisi tunamhifadhi tu mpaka treni.

Huyu mtu kafunga mivunjiko ya mifupa mpaka Wazungu wanampa mkono. Mikono yake ni ya dhahabu, siwezi kukana. Lakini akipita chumba cha nyuma anapita upande wa pili wa njia.

Chakula cha mchana sikula. Nilikwenda kumkamua. Akwilina kaniuliza jina. Kaniuliza leo siku gani. Kanieleza mwenyewe kuwa usiku kucha siku zile alisikia mtu akimwambia huyu si wako, na sasa hamsikii sana. Sana, alisema. Hakuniongopea kwamba hamsikii kabisa.

Namwandika humu sasa, maana kule wanamkata.

Ijumaa, 8 Juni

Nimekwenda kwa Daktari. Mzungu wetu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Kanikaribisha kiti. Kasikiliza yote, mkono shavuni. Kisha kasema karatasi ya Dodoma kaijaza tangu jana, imebaki sahihi ya Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, naye yuko safarini Mikumi. Treni ni Jumanne.

Nikamwomba aende kumtazama mwenyewe, ni hatua arobaini. Akatazama saa. Ana wagonjwa wawili wa ngiri wa kupasua.

Akaniambia, kwa upole, kama anayenipa zawadi, kwamba hata yeye alipokuwa mwanafunzi huko kwao walipelekwa nyumba ya wendawazimu wiki tatu. Waliobaki kufanya kazi hiyo ni wale ambao hakuna daktari bingwa aliyewataka. Wewe msichana hodari, akasema, unakwenda kwenye ukunga, usijichafue na hayo.

Usijichafue. Nimekamua wanawake, nimeosha usaha, nimebeba vyungu vya kuhara damu, hakuna aliyeniambia nimejichafua. Nikikaa na mtu nikamjibu swali, nachafuka.

Nilisema ahsante bwana, nikatoka. Kwa nini nilisema ahsante?

Jumamosi, 9 Juni

Mikumi na kurudi.

Kila Jumamosi ya pili lori linapeleka dawa kwenye zahanati ya Mikumi. Bwana Sulemani analisimamia. Leo alibeba pia bahasha ya Akwilina ikatiwe sahihi. Nikamwomba niende nikahesabu chupa. Alijua ninachokitaka. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akasema panda, utajifunza.

Kilosa hadi Mikumi, vumbi tupu. Yeye mbele na dereva, mimi nyuma na masanduku. Tulikutana na tembo kando ya barabara, dereva akazima injini, tukangoja. Nilitumia muda huo kupanga maneno.

Bwana Shauri alikuwa chini ya turubai lake, karani pembeni na mihuri. Kiswahili chake kizuri. Nikaomba ruhusa ya kusema. Bwana Sulemani hakunizuia, akakaa pembeni akipangusa miwani. Nikasema huyu mwanamke analala sasa. Anajua siku. Ana maziwa, ana mtoto wa wiki tatu, na akipelekwa peke yake maziwa yatakauka, na mtoto atamsahau. Nikasema kila kitu bila kukwama.

Yule bwana akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na ukurasa wa kitabu, umechanwa mzima. Akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Hali ileile. Hali ileile. Akafika Jumatatu.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Nikautazama. Mzuri kweli. Wino haukuvuja hata kidogo.

"Wangu, bwana."

"Jumatatu uliandika hali ileile. Jumatano hali nyingine. Nikuamini siku ipi?"

Ningeweza kusema Jumatatu sikumtazama. Ndiyo kweli yenyewe. Nilisema hivyohivyo: Jumatatu nilikaa nje, nilikuwa nafuma sweta. Karani akacheka. Bwana Shauri hakucheka. Akasema kama manesi hawatazami, basi bora aende kwa wanaotazama. Akatia sahihi. Muhuri ukalia.



Njiani kurudi Bwana Sulemani kaniletea chungwa nyuma ya lori, kamenya mwenyewe. Akasema alipoanza kazi alitumwa kukaa na kichaa mmoja, rafiki yake wa jando, hapohapo nyuma ya jiko. Rafiki alimtukana siku tatu, siku ya nne akajinyonga kwa shuka. "Tangu siku hiyo sitazami," akasema. "Na wewe usitazame. Utaharibika."

Nilikula chungwa. Hasira haikuisha, ila sasa sijui niipeleke wapi yote.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani sikuimba.

Nimekasirikia Daktari. Nimemkasirikia Sulemani na chungwa lake. Nimewakasirikia wale wanne waliotangulia. Wa tano nimemkasirikia kuliko wote.

Nimemwambia Akwilina kwamba atakwenda. Sikutaka aamke akute lori mlangoni. Akauliza, Lusia je? Nikamjibu karatasi haimtaji mtoto. Alijikunja ukutani. Kwa saa nzima akarudi kulekule, midomo inatembea, hanioni. Nikadhani nimemvunja. Nikakaa. Baadaye akasema, kama anayeongea na ukuta: "Wewe ulisema utauliza."

Jumatatu, 11 Juni

Sheria inataka nesi wa kike asindikize. Bwana Sulemani alipouliza nani, wote wakainamisha vichwa kana kwamba kadondosha senti. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyecheka leo.

Nikamwomba nione karatasi ya safari. Nimeisoma mara mbili. Mgonjwa mmoja mwanamke, amefungwa mikono. Nesi mmoja. Askari mmoja. Mtoto hayumo, kweli. Lakini haisemi nesi abebe nini mgongoni.

Mchana nimekwenda kambini kwa miguu. Korona, ile mashine yao ya kusaga majani ya mkonge, inanguruma huwezi kusikia mtu. Bi Tausi nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama bila imani. Gaudensi akazungumza naye pembeni. Muda mrefu. Bi Tausi kalia, kasema watoto wa watu hawaazimwi kama kinu, kisha akamvua mtoto mgongoni akanifunga mimi, na kanga yake juu. Akaifunga kwa nguvu, akavuta fundo mara mbili.

Nimemleta bwenini. Yunia kamwona. Nilidhani atapiga kelele. Kaenda kuchemsha maji.

Jumanne, 12 Juni

Treni ya asubuhi.

Bwana Sulemani alikuwa stesheni na karatasi. Kaona mgongo wangu. Kaona miguu miwili midogo imetoka kwenye kanga. Sina mume, sina mtoto, anajua, kila mtu anajua. Alitazama kitambo. Mimi nilisimama tu.

Akaandika kwenye karatasi, akaniambia safari njema, akaondoka bila kugeuka. Nimekuja kusoma baadaye. Alichoandika: Nesi na mzigo wake.

Gaudensi alisimama chini ya dirisha mpaka treni ikamwacha.

Askari ni Mgogo, mtu mzima. Tulipopita Kidete nikamwomba amfungue mikono. Akasema akikimbia mimi nafukuzwa kazi. Nikasema akikimbia mimi nimembeba mtoto wake, atakwenda wapi? Akafikiri. Akafungua, akageukia dirisha.

Nikamweka Lusia mikononi mwa Akwilina. Ndio ulikuwa woga wangu mkubwa. Kama ile sauti itasema huyu si wako, ningefanya nini ndani ya behewa? Nilishika pindo la nguo ya mtoto. Akwilina akamtazama masikio, akamtazama vidole, kimoja kimoja, taratibu mno. Mtoto akaanza kutafuta kwa mdomo. Akampa la kushoto.

Mtoto aligoma. Akalia. Akagoma tena. Tukafika Gulwe bado anagoma. Kisha akashika.

Nikaachia lile pindo.

Dodoma tulipokewa na muuguzi mkuu, Mwafrika wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi. Hakukunja uso alipoona mtoto. Akauliza kitanda kimoja au viwili. Akasoma ule ukurasa uliochanwa hadi mwisho, hata yale yaliyokatwa kwa wino mwekundu. Nikangoja aniulize ni mwandiko wa nani.

Akauliza: "Alikuwa anasema nini?"

Watu wangapi wameushika ukurasa ule. Yeye ndiye wa kwanza kuuliza hilo. Nikamwambia. Kisha nikatoa shajara hii mfukoni nikamsomea ya Jumatano na ya Alhamisi. Akanakili kwa kalamu ya risasi. Akaniuliza kwa siku alilala saa ngapi, nikawa na jibu. Akaniuliza zile sauti, nikawa na jibu.

Nikamuuliza kwa nini anafanya kazi hii. Akasema alipelekwa kwa adhabu. Miaka kumi na minne iliyopita. Akarudi kuandika.

Alhamisi, 14 Juni

Kilosa. Nimelala mchana.

Nimemwandikia Baba. Nimechana barua mbili, ya tatu nimeipeleka. Nimemwambia nafasi ya ukunga naiacha, naomba kupelekwa Dodoma kujifunza uuguzi wa wendawazimu. Sikupamba. Atasema nimelogwa. Itabidi asimame tena mbele ya kanisa, au anyamaze tu, na Baba hajui kunyamaza.

Daktari kaniita akaniuliza kama niko mzima. Kaniuliza kwa nia njema kabisa. Nikamwambia mzima. Safari hii sikusema ahsante.

Nafasi ya ukunga huenda akapewa Yunia. Kalia, kacheka, kaniambia mjinga wee. Kisha akaniomba lile sweta, maana anasikia vyuo vina baridi. Nimempa.

Jumatano, 27 Juni

Salamu kwa mkono wa yule askari. Lusia anaongezeka uzito. Akwilina analala. Sauti zinamjia mara mojamoja, anamwambia muuguzi zikija. Hawajasema lini atarudi. Gaudensi nimempelekea habari uani, mahali palepale. Sasa anaingia hadi kivulini mwa jiko, hakuna anayemfukuza.

Baba hajajibu.

Zamu ya wiki hii imebandikwa. Kwenye chumba cha nyuma Bwana Sulemani kaandika jina langu siku zote sita. Sikufanya kosa lolote. Nilipomtazama alikuwa anasafisha miwani.

Yumo mzee mmoja wa Masanze, kaletwa jana na wanawe. Nimeingia na kigoda. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akaanza kuuliza kama mahindi yameshaingizwa ndani. Akauliza tena. Akauliza tena.

Nikamwambia sijui, mzee, nitauliza.